Kisa cha Johnny Bright: njia ya kutoka Stillwater hadi Edmonton

Kuna picha sita zilizopigwa Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba 1951 katika uwanja wa Lewis Field, mjini Stillwater, jimbo la Oklahoma. Kijana Mweusi ameshamkabidhi mwenzake mpira. Amebaki nyuma, mikono mitupu, mchezo ukielekea upande mwingine. Mchezaji mmoja wa wapinzani, Mzungu, haufuati mpira. Anamfuata yeye, na picha baada ya picha unaona umbali kati yao ukipungua, mpaka pigo linatua usoni.

Kijana huyo aliitwa Johnny Bright, na pigo lile lilimvunja taya. Ukimtafuta leo utaletewa picha hizo kabla ya kitu kingine chochote, jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu nilipoanza kumsoma. Mtu ameishi miaka 53. Amecheza futiboli ya Kanada misimu 13, amechukua kombe kubwa la nchi ile mara tatu mfululizo, amesomesha watoto wa watu na kuwa mkuu wa shule. Kisha anakumbukwa kwa sekunde chache ambazo hata mpira hakuwa nao. Naamini sehemu nzito zaidi ya kisa chake haimo katika zile picha. Imo katika uamuzi alioufanya mwaka uliofuata, na katika mji alioamua kuuita kwao.

Mchezo wenyewe

Futiboli ya Kanada si soka. Ni ndugu wa ule mchezo wa Wamarekani wa mpira uliochongoka ncha mbili, unaochezwa kwa mikono, mabega na kofia ngumu. Timu yenye mpira hupewa majaribio kadhaa ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Marekani majaribio ni manne, Kanada ni matatu tu. Uwanja wa Kanada ni mkubwa zaidi, yadi 110 kwa 65, na kila timu huwa na watu 12 badala ya 11. Kwa sababu majaribio ni machache, mkimbiaji anayeweza kupasua ukuta wa watu kila anapokabidhiwa mpira ni mali adimu. Bright alikuwa wa aina hiyo. Kombe linalogombewa ni Grey Cup, lililotolewa mwaka 1909 na Earl Grey, Gavana Mkuu wa Kanada wa wakati ule, na fainali yake huchezwa Novemba, baridi ikiwa imeshashika.

Kijana wa Fort Wayne

Bright alizaliwa tarehe 11 Juni 1930 mjini Fort Wayne, jimbo la Indiana, katika nyumba ya ndugu watano, wote wavulana. Alilelewa na mama yake na baba wa kambo. Katika shule ya sekondari ya Central alicheza kila kilichokuwepo: futiboli, mpira wa kikapu, riadha. Alimaliza mwaka 1947, akaanza chuo cha Michigan State, hakuridhika, akahamia Chuo Kikuu cha Drake kilichopo Des Moines, Iowa. Drake walimpa ufadhili wa riadha. Futiboli aliruhusiwa kujaribu tu, kama wengine.

Alijaribu kweli. Mwaka 1949, msimu wake wa kwanza katika timu kubwa ya Drake, aliongoza vyuo vyote vya Marekani kwa jumla ya yadi, ukichanganya alizokimbia na alizopiga pasi. Mwaka 1950 akaongoza tena, safari hii kwa yadi 2,400, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya vyuo. Chuo kidogo cha Iowa kikawa kinatajwa kwenye magazeti ya taifa kwa sababu ya kijana mmoja mwenye jezi namba 43. Ilipofika Oktoba 1951, Drake walikuwa hawajafungwa hata mechi moja, na jina la Bright lilikuwa kwenye orodha ya wanaotajwa kwa tuzo ya Heisman, tuzo ya juu kabisa ya mchezaji wa chuo. Hakuna Mweusi aliyekuwa ameitwaa mpaka wakati huo.

Halafu ikaja safari ya Stillwater.

Dakika saba za kwanza

Wasomaji wengi hawaambiwi kwamba ile haikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga uwanja ule. Alikuwa ameshacheza pale mwaka 1949, na ndiye Mweusi wa kwanza kucheza Lewis Field. Mechi ikaisha salama. Naliona jambo hili kuwa ufunguo wa kisa kizima, kwa sababu linatuzuia kutoa jibu la haraka. Ngozi yake ilikuwa ile ile mwaka 1949. Watazamaji walikuwa wale wale, na sheria za ubaguzi za Oklahoma zilikuwa zile zile. Mwaka huo huo wa 1949 chuo chenye uwanja ule, Oklahoma A&M kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza Mweusi, Nancy Randolph Davis, na mwanzoni akawekwa asome akiwa nje ya chumba walichokaa wenzake. Kwa hiyo ubaguzi ulikuwepo siku zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1949 Bright alikuwa kijana asiyejulikana, na mwaka 1951 alikuwa bora kuliko wote. Ubaguzi uliweza kumvumilia alipokuwa mgeni tu. Alipokuja kama mshindi, ukashindwa.

Na wala haikuwa siri. Kabla ya mechi maneno yalikuwa yamezagaa mjini kwamba Bright asingeufikia mwisho wa mchezo. Gazeti la wanafunzi na gazeti la mji yaliandika kwamba amelengwa. Habari zikafika hadi Des Moines, na gazeti la Des Moines Register likatuma wapiga picha wawili, John Robinson na Don Ultang, waliotega kamera yao imfuate Bright peke yake.

Katika dakika saba za kwanza Bright alipigwa mara tatu akapoteza fahamu, na mara zote aliyempiga alikuwa Wilbanks Smith, mlinzi wa mstari wa mbele wa Oklahoma A&M. Pigo la mwisho ndilo lililovunja taya. Kofia za siku zile hazikuwa na vyuma vya kukinga uso, kwa hiyo kati ya kiwiko na mfupa hapakuwa na kitu. Bright alisimama. Mchezo uliendelea, na michezo michache baadaye, taya likiwa limevunjika, alirusha pasi ya yadi 61 iliyomkuta Jim Pilkington, na Drake wakapata tachidauni, yaani mpira ulifika eneo la mwisho la wapinzani. Kisha maumivu yakamshinda, akatoka. Drake walifungwa 27 kwa 14. Katika miaka yake mitatu pale chuoni ilikuwa mara ya kwanza kumaliza mechi akiwa chini ya yadi 100.

Mara nyingi nimerudi kwenye ile pasi. Watu huitaja kwa kupita, kama pambo la kisa, lakini ukiisoma vizuri ndiyo inayotangulia kutuonyesha mtu huyu alikuwa nani: hakumrudishia Smith pigo, alirudi kwenye kazi iliyompeleka pale.

Picha zilifanya nini, na hazikufanya nini

Robinson na Ultang walisema baadaye kwamba walikuwa na bahati. Walipanga kukaa robo ya kwanza tu ili wawahi kusafisha filamu kwa ajili ya gazeti la Jumapili. Lau Smith angengoja nusu saa, pasingekuwa na ushahidi. Lingebaki neno la kijana Mweusi dhidi ya neno la mji mzima. Kesho yake picha sita zilipangwa kwa mfuatano kwenye Register. Mwanzoni mwa Novemba jarida la Life likazichapisha nchi nzima. Mwaka 1952 Robinson na Ultang wakapewa tuzo ya Pulitzer ya upigaji picha.

Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga. Oklahoma A&M walikuwa na macho na hawakutazama. Uongozi wa chuo ulikana kwamba kuna baya lililotendeka. Umoja wa vyuo wa Missouri Valley, ambao Drake na Oklahoma A&M wote walikuwa wanachama wake, ulikataa kuchukua hatua. Smith hakuadhibiwa, na mpaka uzeeni alishikilia kwamba rangi haikuhusika. Bright aliulizwa jambo hilo miaka mingi baadaye, mwaka 1980, naye akasema hakuna namna ambayo lisingekuwa la rangi.

Hapa pana mtu wa pili wa kupongezwa, ingawa si mtu bali chuo. Drake walijitoa katika ule umoja. Hiyo haikuwa hatua ya maneno. Chuo kidogo kinachojitoa kinapoteza ratiba ya mechi, mapato na majirani wa kushindana nao. Chuo cha Bradley cha Illinois, ambacho hakikuguswa kabisa na tukio lile, kikajitoa pamoja nao. Vyote viwili vilirudi baada ya miaka kadhaa, lakini futiboli ya Drake ilikaa nje mpaka miaka ya 1970. Wanaouliza kwa nini hakuna aliyesimama upande wa Bright wanakosea: waliosimama walikuwepo. Waliokosekana ni wenye mamlaka ya kuadhibu.

Kanuni za vyuo zilirekebishwa. Mapigo ya namna ile yakawekewa makali zaidi, na kofia zenye kinga ya uso zikaanza kuenea. Bright mwenyewe alisema taya lake lilisaidia kuusafisha mchezo wa vyuo, na naona alikuwa na haki ya kujivunia. Lakini tuliangalie lilivyo: mchezo ulikubali kubadilisha kofia kabla ya kukubali kutamka kosa. Chuma kiliwekwa mbele ya uso wa kila mchezaji, na aliyelengwa kwa sababu ya uso wake hakuombwa radhi.

Bright alikosa sehemu kubwa ya mechi zilizobaki. Bado alishika nafasi ya tano katika kura za Heisman za mwaka ule, na aliondoka Drake akiwa na zaidi ya yadi 5,900 kwa jumla. Jambo jingine ambalo magazeti ya michezo hayakulijali sana ni kwamba mwaka 1952 alipata shahada yake ya ualimu. Msomaji alishike hilo, tutalihitaji mbele.

Uamuzi wa mwaka 1952

Philadelphia Eagles, timu ya ligi kuu ya Marekani ya NFL, walimteua Bright katika raundi ya kwanza. Kwa kijana wa Fort Wayne huo ndio mlango ambao wengine huota maisha yao yote. Bright akaukataa. Alieleza sababu baadaye bila kuficha: angekuwa Mweusi wa kwanza wa Eagles, wachezaji wengi kutoka kusini walikuwa wakimiminika katika ile ligi, na hakujua angetendewa vipi.

Wapo wanaolisoma jibu hilo kama hofu. Mimi nalisoma kama hesabu ya mtu aliyekwishalipia somo. Ubingwa haukuwa umemkinga Stillwater, bali ndio uliomfanya shabaha. Mwamuzi hakumkinga, chuo mwenyeji hakikumkinga, wala umoja wa vyuo. Kitu gani kingemwambia kwamba timu ambayo haijawahi kuwa na Mweusi ingemkinga? Eagles walipata wachezaji wao wa kwanza Weusi mwaka ule ule, Ralph Goldston na Don Stevens, kwa hiyo mlango ulifunguka kweli. Goldston naye, miaka michache baadaye, alikuwa Kanada akichezea Hamilton.

Bright alikwenda Calgary, mkoa wa Alberta. Soko la wachezaji la wakati ule halikuwa kama la leo. Timu za Kanada ziliweza kushindana na za Marekani kwa mishahara, na hazikuwa na wasiwasi wa kuajiri Weusi. Herb Trawick alikuwa ameingia Montreal tangu mwaka 1946 na kushinda Grey Cup mwaka 1949. Njia ilikuwa imeshakanyagwa.

Oklahoma na Alberta zilikuwa zinajuana

Hapa nina jambo ambalo sijawahi kuliona likiunganishwa na kisa cha Bright, na mimi naliona limekaa katikati yake.

Njia ya kutoka Oklahoma kwenda Alberta haikuanza na yeye. Oklahoma ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1907, bunge lake jipya lilianza mara moja kupitisha sheria za kutenganisha Weusi na Weupe, kisha mwaka 1910 likabuni mbinu za kuwanyima Weusi kura. Familia nyingi za wakulima Weusi zikafunga virago. Kati ya mwaka 1909 na 1911 zaidi ya watu 1,000 walipanda kaskazini wakaingia Alberta na Saskatchewan, ambako serikali ya Kanada ilikuwa ikigawa ardhi kwa walowezi. Walianzisha vijiji, na kilichojulikana zaidi ni Amber Valley, kaskazini mwa Edmonton.

Nao hawakupokewa kwa ngoma. Mwaka 1911 chama cha wafanyabiashara wa Edmonton kilikusanya sahihi za kudai Weusi wazuiwe kuingia. Agosti ya mwaka huo serikali ya Ottawa iliandaa amri ya kuwapiga marufuku wahamiaji Weusi kwa mwaka mzima. Amri haikutekelezwa, lakini iliandikwa na kupitishwa na baraza la mawaziri. Mawakala walitumwa Oklahoma kuwakatisha watu tamaa, wakiwaambia baridi ya Alberta haiwafai.

Basi mwaka 1952 anatokea kijana ambaye taya lake limevunjwa Oklahoma, anakwenda Alberta, na miaka miwili baadaye anahamia Edmonton yenyewe, mji uliokusanya sahihi miaka 43 kabla. Sisemi Bright aliijua historia hiyo alipofunga safari. Nasema tu kwamba ukiambiwa Kanada ilikuwa peponi na Marekani jehanamu, usikubali haraka. Edmonton ilikuwa na doa lake. Tofauti aliyoikuta ilikuwa ndogo zaidi kuliko pepo na yenye manufaa zaidi: mji ambao ungemwacha afanye kazi mbili anazozijua.

Namba 24

Alianza vizuri Calgary. Mwaka 1952, akiwa mgeni, aliongoza timu za magharibi kwa yadi 815 za kukimbia. Kisha majeraha yakamwandama, na mwaka 1954 Calgary wakamwachia timu ya Edmonton, ambako alivaa jezi namba 24. Sidhani kama kuna timu ya Alberta iliyowahi kujutia biashara kama ile.

Kikosi alichokikuta kinastahili kutazamwa mtu mmoja mmoja. Kulikuwa na Jackie Parker kutoka Tennessee, mwenye miguu mirefu legelege na akili ya haraka. Kulikuwa na Rollie Miles, Mweusi aliyevuka mpaka akiwa mchezaji wa besiboli, akaishia kuwa nyota wa futiboli na baadaye mwalimu mjini humo humo. Kulikuwa na Normie Kwong, mtoto wa wahamiaji wa Kichina waliokuwa na duka la vyakula Calgary, ambaye miaka 50 baadaye angekuwa Luteni Gavana wa Alberta, yaani mwakilishi wa Malkia mkoani. Mwaka uliofuata akaongezeka Don Getty, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa mkoa. Kocha alikuwa Frank Ivy, aliyejulikana kwa jina la Pop. Ivy alitoka Oklahoma, mzaliwa wa kule, na alikuwa msaidizi katika Chuo Kikuu cha Oklahoma kabla ya kuja kaskazini. Mtu aliyempa Bright mpira wiki baada ya wiki alikuwa mwana wa jimbo lile lile lililomvunja taya. Maisha huwa hivyo, hayakubali kugawanyika kwa ramani.

Fainali ya 1954 dhidi ya Montreal Alouettes, Edmonton walishinda 26 kwa 25. Mpira ulimponyoka mchezaji wa Montreal dakika za mwisho, Parker akauokota akakimbia yadi 90. Mwaka 1955, mjini Vancouver, wakashinda tena, 34 kwa 19. Mwaka 1956, mjini Toronto, wapinzani wale wale, 50 kwa 27. Siku hiyo Bright alikimbia yadi 171 na kufunga tachidauni mbili. Rekodi hiyo ya yadi katika fainali moja ilikaa miaka 57, mpaka Kory Sheets wa Saskatchewan alipokimbia 197 mwaka 2013.

Kwong na Bright kucheza pamoja kulikuwa mateso kwa walinzi, maana wote wawili walipita katikati, na ukimzuia mmoja mwingine ameshapita. Miaka ya kwanza Bright alitumika pia kama mlinzi. Alipoachwa abebe mpira tu, ndipo takwimu zake zilipopaa. Mwaka 1957 yadi 1,679. Mwaka 1958, ligi ilipopewa jina la CFL, yaani Ligi ya Futiboli ya Kanada, yadi 1,722. Mwaka 1959 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Alistaafu mwaka 1964 akiwa na yadi 10,909, nyingi kuliko za mtu yeyote aliyewahi kucheza futiboli ya Kanada mpaka siku hiyo. Wastani wake ulikuwa yadi 5.5 kwa kila alipokabidhiwa mpira. Niliigeuza jumla hiyo kuwa mita ili niielewe: ni kilomita 10 kasoro mita 25. Kilomita 10, zote watu wakiwa wamemning'inia mgongoni na miguuni. Na aliwahi kucheza mechi 197 mfululizo bila kukosa hata moja. Mtu ambaye mji mmoja uliapa hatamaliza mechi moja.

Mwalimu Bright

Timu za NFL zilimfuata tena alipokuwa kileleni, akakataa. Jibu lake safari hii lilikuwa la kawaida kiasi kwamba waandishi hulipita: alikuwa na kazi. Wachezaji wa Kanada wa siku zile walikuwa na ajira nje ya uwanja, na yake ilikuwa darasani. Ile shahada ya Drake hakuiweka kabatini. Alifundisha Edmonton, akawa kocha wa vijana wa sekondari, akapanda kuwa mkuu wa shule, kwanza D. S. MacKenzie kisha Hillcrest, shule za watoto walio katika umri ule mgumu wa kati. Mwaka 1962 alichukua uraia wa Kanada.

Nimelifikiria sana hilo la uraia. Mchezaji wa kulipwa hufuata mkataba. Mkataba ukiisha anarudi kwao. Bright alichukua uraia akiwa bado anacheza, miaka kumi baada ya kuvuka mpaka. Kufikia hapo Edmonton haikuwa tena kimbilio. Palikuwa na mke, watoto wanne, daftari za kusahihisha, vikao vya wazazi.

Ukipima kwa fedha na umaarufu, alipoteza. Angekubali NFL mwaka 1952 au miaka ya katikati ya 1950, jina lake pengine lingekuwa kwenye vinywa vya Wamarekani wote wapendao ule mchezo. Yeye alipima kwa kitu kingine. Hebu fikiria watoto wa Edmonton wa siku zile, wengi wao Wazungu, waliokuwa wakimtii mwalimu Mweusi, kisha mkuu wa shule Mweusi. Hakuna kitabu cha takwimu kinachoandika jambo kama hilo, lakini mimi ningelihesabu kabla ya zile yadi.

Wengine walipita njia ile ile baada yake, na si wote kwa hiari. Chuck Ealey alishinda mechi zote 35 akiwa chuo cha Toledo na hakuteuliwa na timu yoyote ya NFL. Akaenda Hamilton na kuchukua Grey Cup msimu wake wa kwanza, mwaka 1972. Warren Moon hakuteuliwa mwaka 1978. Akaenda Edmonton na kuchukua makombe matano mfululizo kabla Marekani haijamtaka. Bright hakuwafungulia mlango peke yake. Ila Moon alipofika Edmonton, mji ulikuwa umeshazoea kwa robo karne kumshangilia Mweusi aliyebeba mpira.

Barua ya mwaka 2005

Bright aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Futiboli ya Kanada mwaka 1970. Tarehe 14 Desemba 1983 alikuwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Alberta kwa upasuaji wa goti, goti lililochoshwa na kazi yake ya zamani. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 53. Alizikwa Edmonton. Mwaka uliofuata Marekani ikamwingiza katika Ukumbi wa Heshima wa wachezaji wa vyuo, naye hayupo kuipokea heshima hiyo.

Oklahoma A&M ilishabadilisha jina tangu mwaka 1957 na kuwa Oklahoma State University. Tarehe 28 Septemba 2005, mkuu wake, David Schmidly, alimwandikia barua mkuu wa Drake, David Maxwell. Alikiri kwamba lililotokea lilikuwa doa juu ya chuo chake na akaomba radhi. Zilikuwa zimepita takriban miaka 54 tangu pigo, na karibu 22 tangu kifo.

Siidharau barua ile. Schmidly hakuwa na hatia binafsi, na wakuu waliomtangulia walikuwa na nafasi hiyo hiyo wakaiacha. Lakini uzito wa radhi unategemea nani anaisoma, na hii ilisomwa na mkuu wa chuo badala ya mwenye taya. Kati ya mwaka 1952 na 1983 anwani ya Bright haikuwa siri kwa mtu yeyote. Alikuwa Alberta miaka yote 31, jina lake likichapishwa magazetini. Barua ya senti chache ingemfikia shuleni.

Drake waliupa uwanja wao wa kuchezea jina lake mwaka 2006. Edmonton nao, katika mtaa wa Rutherford kusini mwa mji, walijenga shule ya watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tisa. Ilifunguliwa Septemba 2010. Juu ya mlango imeandikwa Johnny Bright School, na kila asubuhi mamia ya watoto wanaingia hapo na mabegi mgongoni, wakichelewa, wakikimbia.